Fort Jesus kwa saa mbili na wanafunzi 40 kutoka Nakuru: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Historia, Nakuru
Hamjambo. Tunapeleka wanafunzi wa sekondari kwa basi la shule. Ndani ya ngome tuna saa mbili tu. Safari tuipange vipi, na kipi kisitupite?

Jirani wa Kisumu
Mwalimu, kwenu hadi Mombasa ni kama kilomita 640, na Wizara ya Elimu hairuhusu basi la shule kubeba wanafunzi usiku. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mlale Voi. Kesho yake zitabaki kama 150, lakini tengeni muda wa msongamano wa malori kuanzia Mariakani. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, msitegemee pesa taslimu langoni. Lipeni mapema, na mbebe barua yenye mhuri wa shule. Pandeni kutani kwanza, kumbi baadaye: saa sita kule juu kivuli ni haba na jiwe la matumbawe linachoma.

Mpenda Magofu
Nakubaliana na jirani. Wataambiwa ngome ina umbo la mtu, ila ukiwa chini huoni umbo lolote, wapeni ramani. La maana ni pembe. Simameni buruji (pembe ya ngome iliyochomoza nje) ya São Felipe mtazame ile ya São Alberto: mzinga wa huku unafagia uso wa ukuta wa kule, adui hapati pa kujibanza. Ndiyo kazi ya Cairati, Mwitaliano aliyeichora. Ujenzi ulianza 1593, baada ya Ali Bey Mturuki kuwasumbua Wareno pwani hii miaka ya 1580. Wapo wanaoandika kwenye mtihani kwamba aliijenga Vasco da Gama! Yeye alipita 1498.

Kosa lingine: "Wareno waliondoka 1698, basi." Walirudi 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata. Hata hivyo kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698 ndiko kwa kukalia kitako. Waomani walizingira karibu miezi 33, na walinzi wengi waliuawa na maradhi, si risasi. Waswahili wa Faza, kisiwani Pate, chini ya Bwana Daud walikuwa ndani, wakiilinda pamoja na Wareno. Hapo ile hadithi ya "Mwarabu dhidi ya Mreno" inavunjika, na mjadala darasani unaanza.

Uingereza iligeuza ngome kuwa jela 1895, hadi 1958. Reli ya kuja kwenu ilianza Mombasa 1896, ikagota Kisumu 1901. Waunganishe hayo mawili: yote ni kazi ya Mwingereza, miaka ileile.

Mwalimu wa Historia, Nakuru
Asanteni sana. Na ile meli iliyozama wataiona?

Mpenda Magofu
Santo António de Tanná, meli ya Wareno, ilikuja na msaada kwa waliozingirwa, ikazama mbele ya ngome 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980. Mbao zilipimwa kisha zikafukiwa tena chini ya bahari, maana mbao zilizolowa karne tatu zikikauka ovyo hupasuka. Vyombo vyake ndivyo viko ukumbini. Gawa makundi mawili, moja kutani, moja ukumbini, mbadilishane baada ya dakika 50. 40 kwa pamoja hawamsikii mwongozaji.