Kutembea, kuogelea au kunyanyua vyuma: kipi kinaufaa moyo wa mama wa miaka 68?

Kitindamimba: Wadau habarini. Mama yangu ana miaka 68, presha anayo na vidonge anakunywa, dokta kamwambia afanye mazoezi basi akaishia hapo. Mimi nasema atembee, dada yangu anasema kutembea siyo mazoezi, bora anyanyue vyuma. Nani yuko sahihi?

MwendoKasi: Dada yako anakudanganya. Kuna utafiti wa Marekani, Women's Health Initiative, matokeo yalitoka 2002, wanawake zaidi ya 73,000 wa miaka 50 hadi 79, na waliokuwa wanatembea kwa kasi walipungukiwa na hatari ya moyo karibu sawasawa na waliokuwa wanafanya yale mazoezi magumu ya kutoa jasho. Ila kasi jamani, siyo ule mwendo wa kusindikiza mgeni! Aweze kuongea lakini kuimba ashindwe.

Kitindamimba: Na hatua 10,000 kwa siku lazima?

MwendoKasi: Wala. Utafiti wa 2019 kwa wamama wa wastani wa miaka 72, waliofikisha kama 4,400 kwa siku vifo vilikuwa vichache kuliko wa 2,700, na ikifika 7,500 hivi faida haiongezeki tena.

Mama Vyuma: Mbona vyuma mnavidharau hivyo? Hedhi ikikoma estrojeni, homoni ya kike, inashuka, mishipa inakakamaa, kolesteroli mbaya inapanda, na misuli nayo inayeyuka, sasa misuli ndo inayotumia sukari mwilini. WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe wanasema dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki NA mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, yaani vyote, siyo uchague kimoja. Aanze na vyepesi, akinyanyua atoe pumzi, asibane pumzi hata kidogo maana presha inaruka palepale.

Kimyakimya: Kama shida ni presha hasa, hamjataja kukaa ukutani. Mgongo kwenye ukuta, magoti yamekunjwa kama umekalia kiti ambacho hakipo, dakika 2, unapumzika dakika 2, unarudia mpaka zitimie raundi 4, mara 3 kwa wiki. Uchambuzi wa 2023 ulikusanya majaribio 270, haya ya kukaza misuli bila kusogea yalishusha presha ya juu, ile namba ya kwanza kwenye kipimo, kwa wastani wa pointi 8 hivi, kutembea na kukimbia kama 4 na nusu. Waliopimwa siyo mabibi peke yao lakini, na presha ikiwa bado haijatulia aulize dokta kwanza.

Kitindamimba: Tatizo magoti, akishuka ngazi analalamika.

Mama Vyuma: Basi pale ukutani asishuke sana, akunje magoti kidogo tu. Au aingie kwenye maji, hata asipojua kuogelea atembee humo maji yakiwa kifuani, sehemu kubwa ya uzito yanabeba maji.

Kitindamimba: Sawa mama. Halafu saa ya mkononi ya mama yangu inaonyesha mapigo hayapandi kabisa hata akitembea haraka, dawa yake ya presha ni atenolol.

Kimyakimya: Ni hiyo dawa, inazuia mapigo yasipande. Aachane na namba za saa, asikilize pumzi. Ila kifua kikibana, au taya na mgongo vikauma, au kichefuchefu na uchovu wa ghafla, asimame hapohapo mumpeleke hospitali, wanawake wengi dalili zao huwa ni hizo wakadhani ni gesi.