Mjadala: Lugha ya programu ichaguliwe na timu au na mradi?

Mwanagenzi: Wakuu, heshima zenu. Kila mradi mpya, kikao cha kwanza kinaishia kwenye ubishi wa lugha. Huyu anataka Rust kwa ajili ya kasi, yule haambiliki, kwake ni Python tu. Msimamo wangu ni kwamba lugha ichaguliwe na timu, yaani ile wanayoijua tayari. Facebook ilianza na PHP iliyodharauliwa na wengi, ikakua nayo. Mtumiaji hajui wala hajali. Haya, nipingeni.

Fundi Mitambo: Napinga. Mashine ikishasema, timu haina kauli. Arduino Uno R3, ile bodi ndogo ya kuendeshea vifaa vya kielektroniki, ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Hata mkiwa mabingwa wa Python, haiingii humo. Mtaandika C au C++ mpende msipende. Swali la kwanza ni programu itaendeshwa wapi.

Mwanagenzi: Hapo sawa, ila miradi mingi ni fomu, hifadhidata na ripoti. Huko lugha karibu zote zinafaa.

Bi Hesabu: Zinafaa mpaka fedha ziingie. Fungua JavaScript au Python, andika 0.1 + 0.2 uone: 0.30000000000000004. Lugha haina kosa, ndivyo kompyuta inavyohifadhi desimali kwa mfumo wa jozi, yaani 0 na 1 tu. Tofauti iko kwenye dawa. Kwa hesabu kamili za desimali, Python inakuja na moduli ya decimal, Java ina BigDecimal. JavaScript yenyewe haina. Utahesabu kwa senti nzima au utaazima maktaba ya nje, yaani msimbo ulioandikwa na wengine. Mimi nauliza lugha ina nini tayari kwa kazi hii. Hiyo kasi mnayoigombania, programu za aina hii muda mwingi zinasubiri hifadhidata ijibu. Ukiziandika upya kwa Rust, utaisubiri hifadhidata ileile.

Fundi Mitambo: Si zote, Bi Hesabu. Mwaka 2020 Discord, wale wa programu ya gumzo, walieleza kwa nini walihamisha huduma moja kutoka Go kwenda Rust: usafishaji kumbukumbu wa Go, yaani kuondoa data isiyotumika tena, uliikwamisha kila baada ya dakika 2 hivi.

Mwanagenzi: Unanisaidia mwenyewe! Walianza na Go, wakapima, ndipo wakahamisha. Tena huduma moja. Bi Hesabu, timu yote ni ya JavaScript na mradi ni wa fedha: utawapa lugha mpya?

Bi Hesabu: Siwapi, watumie maktaba. Ila anayeandika hesabu za fedha kwa desimali za kawaida, msimbo wake sipitishi.