Risasi zinatawanyika kiwambo cha sauti kinapofungwa: naomba ushauri

Mwanzisha uzi (Manyoni)
Ndugu zangu, salaam. Ninaongoza wageni wa uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa, na kwa sasa ninaye Mjerumani mwenye bunduki ya .308 ambayo mtutu wake umechongwa hesi za kufungia kiwambo cha sauti (kile kifaa cha kupunguza mlio). Juzi tulipoipima kwa mita 100, risasi tatu bila kiwambo zilikaa ndani ya sentimita 3. Kilipofungwa zilishuka kwa takriban sentimita 6 na, jambo linalonisumbua zaidi, zikatawanyika hadi sentimita 12, ingawa ni za boksi lilelile. Mgeni anailaumu darubini. Nianzie wapi?

Nyika Kavu
Mkuu, hapo kuna mambo mawili, na moja tu ndilo ugonjwa. Kiwambo ni uzito ulioning'inizwa kwenye ncha ya mtutu, nao hubadilisha namna mtutu unavyotikisika risasi inapopita, kwa hiyo kushuka ni kawaida na dawa yake ni kurekebisha darubini. Kutawanyika ndiko kubaya. Darubini siioni na hatia, kwani ingekuwa imelegea, hata bila kiwambo msingepata sentimita 3.

Mzee wa Chemba
Jaribuni risasi za aina nyingine, nzito kidogo.

Fundi wa Kondoa
Mzee wangu, kwa heshima, risasi hizohizo zimekaa vizuri bila kiwambo, tuzishitaki kwa lipi?

Ndugu mwanzisha uzi, msipige hata moja zaidi kabla ya kukagua. Toeni risasi zote, ondoeni bolti (kile chuma cha nyuma kinachofunga chemba ya risasi), kisha tazameni tundu la mbele la kiwambo: alama mpya inayong'aa upande mmoja ni dalili kwamba risasi inagusa inapotoka, na hapo kiwambo hakitumiki tena mpaka kionwe na fundi. Kama ni safi, sugueni kwa mswaki hesi za pande zote mbili pamoja na bega la mtutu, mahali kiwambo kinapokalia, kwa sababu vumbi letu likichanganyika na masizi ya baruti hukiweka upande kidogo kiasi ambacho jicho halioni lakini risasi inakiona. Kifungeni kikiwa baridi, na kila baada ya risasi tatu hakikisheni hakijalegea (vaeni glavu, kinaunguza kama jiko). Pitisheni pia karatasi kati ya mtutu na mti wa bunduki. Ikikwama, uzito wa mbele huenda unaulaza mtutu.

Mlipima saa ngapi?

Mwanzisha uzi
Saa saba mchana.

Fundi wa Kondoa
Basi mlikuwa mnalenga mazigazi. Joto la kiwambo hupanda mbele ya darubini na shabaha hucheza. Pimeni alfajiri, mkiacha kipoe.

Nyika Kavu
Na kama kiwambo kinaruhusiwa kwenye windo lenyewe, muulizeni mapema askari wa wanyamapori atakayefuatana nanyi.

Mwanzisha uzi
Nashukuru sana. Tundu halina alama na karatasi ilipita bila kukwama, ila begani tulikuta tope gumu la masizi na mchanga. Leo saa kumi na mbili asubuhi risasi tatu zimekaa ndani ya sentimita 4, bado zikiwa chini kwa sentimita 6, nasi tukaipandisha darubini mibofyo sita, kila mmoja sentimita 1 kwa umbali huo. La askari nitaliuliza kesho.