ATCL (Air Tanzania) ilianzaje hasa?

Wakuu, nipo hapa Area D Dodoma, ndege ya pangaboi (ya mapanga) yenye twiga mkiani imepita juu sasa hivi. Hivi hili shirika letu lilianza lini na ikawaje likakaribia kufa?

MgogoMstaafu: Kijana, zamani tulikuwa na East African Airways, ya Kenya Uganda na sisi, ile ikavunjika 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, ndo mwaka huohuo tukaanzisha Air Tanzania yetu. Tulianza kwa shida lakini kwa fahari.

Mzee wa Kizota: Hapo mkuu ongezea ubinafsishaji, 2002 South African Airways wakachukua hisa 49%, haikuzaa matunda, serikali ikazichukua tena 2006. Mi iliniuma sana aisee, nchi kubwa hivi bila ndege zake.

BintiKondoa: Mageuzi ni 2016 enzi za Magufuli, zikaja pangaboi mbili aina ya Bombardier Q400, 2018 ikaja Dreamliner, baadae Airbus. Hizo Q400 ndo zinatufaa huku mikoani maana hazihitaji njia ndefu ya kurukia. Uwanja mpya wa ndege wa Msalato ukianza kazi hata zile kubwa zitatua hapa kwetu, naisubiri kwa hamu hiyo siku.

Mwanzisha mada: Asanteni sana wakuu, shikamoo mzee MgogoMstaafu.