Tiketi ya simu iandike saa 5 asubuhi au 11:00?

Wakuu, hasa mnaotengeneza programu za simu hapa mjini, naleta ubishi.

Juzi mama mkubwa alikuwa anarudi Iringa. Binti yake akamkatia tiketi kwenye simu, akamtumia. Kioo kimeandika "Kuondoka: 11:00". Mama mkubwa akasoma anavyosoma siku zote, saa kumi na moja. Alfajiri na mapema bodaboda kamfikisha stendi ya Mbezi na kiza chake, kakaa na mfuko wa dagaa mpaka basi lilipoondoka saa tano. Masaa sita mazima! Na ana bahati, ingekuwa kinyume angekuta vumbi.

Programu yenyewe ni ya Kiswahili: "Chagua kiti", "Lipa". Saa ndiyo imebaki ya Kizungu. Mimi nasema ukitafsiri vitufe ukaacha saa, hujatafsiri. Si kutoa sita tu?

Mbunifu, Sinza: Pole kwa mama, ila "kutoa sita tu" ni maneno ya mtu ambaye hajakaa kwenye kibodi. Data ya lugha ya Unicode (shirika linaloweka viwango vya maandishi kwenye kompyuta na simu), ambayo simu nyingi zinaitegemea, ina alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku kwa Kiswahili. Kusogeza saa kwa masaa sita hakumo, kila timu inajiandikia. Tuseme tumeandika. Pembe ya juu ya kioo simu inasema 11:00, chini tiketi inasema saa 5. Abiria aamini ipi? Halafu basi la saa sita na nusu usiku, siku ya Ijumaa. Kwa mashine hiyo ni Jumamosi 00:30. Bibi yangu wa Bagamoyo kwake ni usiku wa Jumamosi tangu magharibi ilipoingia. Mimi hapa Sinza naita bado Ijumaa. Tarehe gani sasa niweke?

Wakala wa tiketi, Mbezi: Tiketi za mkono tunaandika "saa 11 alfajiri" na watu wanafika. Hizi za simu kila siku naulizwa. Na niwaambie, 14:00 haina shida kabisa, mtu anaona ni namba ngeni, anauliza. Inayoua ni kuanzia 1 mpaka 12, maana kila mmoja anadhani anaijua.

Mleta mada: Wakala umemaliza. Kumbe hata ile saa ya Kizungu ya mtindo wa 24 tunayoilaumu ina nafuu mchana, balaa ni asubuhi. Mbunifu, swali lako la Ijumaa ni zito, sikatai, ila Kiswahili kimeshalijibu: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Hata bibi wa Bagamoyo haoni utata hapo. Saa nayo iandikwe kubwa "Saa 5:00 asubuhi", chini yake kwa herufi ndogo 11:00, ilingane na ile ya pembeni.

Mbunifu, Sinza: "Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 6:30" kwenye simu ya laki moja? Itakatika katikati, abiria abaki na "Usiku wa kuam…".

Wakala wa tiketi, Mbezi: Lile tangazo la bahati nasibu mlilolibandika juu ya tiketi mbona lilitosha?

Mbunifu, Sinza: Hilo kaulize watu wa masoko, mkuu.