Pending Train: mapenzi yameharibu utamu?

Abiria wa Mwisho
Wakuu, jana usiku nimemaliza Pending Train, ile tamthilia ya Kijapani ya kituo cha TBS ya 2023. Kwa ambao hamjaiona: watu wako kwenye treni ya Tsukuba wanawahi kazini Tokyo, saa 8:23, ghafla behewa zima linajikuta miaka mingi mbele, dunia imeshakwisha. Hakuna maji, hakuna chakula, hakuna mtandao. Sasa watu wana njaa ya kufa, halafu tunaoneshwa mwalimu Sae katikati ya wanaume wawili, Naoya na Yuto, huyu anamtazama, yule ananuna. Nani anapenda tumbo likiwa tupu? Na huyo Naoya mwenyewe ni kinyozi tu. Wangempa hadithi yote Yuto, zimamoto, mtu mwenye kazi ya maana. Au nakosea?

Chumvi Nyingi
Saa 8:23 mchana ndiyo wanakwenda kazini? Wajapani nao wameanza kuchelewa kama sisi.

Mama Wawili
Hiyo ni saa ya kizungu jamani. Saa mbili na dakika 23 asubuhi.

Mkasi Mkali
"Kinyozi tu." Hebu rudia hapo mkuu. Mimi nina miaka 14 kwenye hii kazi, nimejenga vyumba vitatu na mtoto yuko kidato cha pili. Wewe mwenye kazi ya maana unakaa kwa nani?

Abiria wa Mwisho
Usipaniki ndugu yangu, nazungumzia tamthilia.

Mkasi Mkali
Tamthilia imeandika "tu"? Hiyo "tu" umeiweka wewe.

Mwana wa Pwani
Kwanza Naoya si kinyozi. Kinyozi ananyoa. Yule anatengeneza nywele za wanawake saluni, ni msusi.

Mama Wawili
Msusi anasuka. Umemwona wapi Naoya akisuka? Au ukitoka Pwani basi Kiswahili chote cha kwenu?

Mwana wa Pwani
Dada, sikukutaja. Hasira za nyumbani usizilete hapa.

Mama Wawili
Nyumbani kwangu shwari kabisa. Nimeuliza amesuka wapi.

Darubini
Turudi kwenye mada. Kilichonishinda mimi si mapenzi, ni asteroidi, lile jiwe la angani. Wale wakirudi nyuma wanafika 2026, wanawaambia watu Desemba kuna jiwe linashuka, hakuna anayewaamini. Kwa Japani ile ile iliyopeleka chombo chake Hayabusa2 kwenye asteroidi Ryugu ikarudi na udongo wake Desemba 2020? Na 2022 Wamarekani waliigonga asteroidi nyingine, Dimorphos, kwa chombo, kwa makusudi, ikabadilisha mzunguko. Watu kama hao wangechukua darubini kwanza, matusi baadaye.

Chumvi Nyingi
Ngoja, 2026 Desemba? Mimi nina marejesho ya kikoba mpaka 2027. Acha lishuke.

Mzee Kifupi
Darubini, 2013 kule Chelyabinsk, Urusi, lilipasuka jiwe angani asubuhi kweupe. Hakuna aliyeliona likija. Vioo vilijeruhi watu zaidi ya elfu. Na wewe jirani akija kukwambia ametoka miaka ijayo, utachukua darubini au utamwita shemeji yake aje amchukue?

Darubini
Lile la Chelyabinsk lilikuwa dogo, mita 20 hivi. Usichanganye mambo.

Mzee Kifupi
Waambie waliokatwa na vioo kwamba lilikuwa dogo.

Abiria wa Mwisho
Wakuu, mapenzi. Nimeuliza mapenzi. Vipindi 12 vyote...

Mama Wawili
Vipindi ni 10. Unahukumu kitu hata hukuhesabu. Na kwa taarifa yako, msibani tu watu wanatongozana, sembuse mwisho wa dunia. Sae hajui kama kesho ipo. Unataka afanye nini, asahihishe madaftari?

Mwana wa Pwani
Hapo nakuunga mkono, japo umenitukana. Mke wangu tulijuana kwenye foleni ya maji, ndoo zimepangwa toka alfajiri. Kiu haizuii macho.

Mkasi Mkali
Bado sijaombwa radhi. Halafu huyo zimamoto mnayemsifia, mtaani kwetu nyumba iliungua, gari likaja halina maji. Tulizima kwa mchanga, na wa kwanza kupanda paa nilikuwa mimi. Kinyozi.

Abiria wa Mwisho
Sawa, naifuta "tu". Naoya ni kinyozi, nukta. Umeridhika?

Mwana wa Pwani
Msusi.

Chumvi Nyingi
Mkasi Mkali, kwa kuwa umeshaombwa radhi, ndevu na kichwa unachukua ngapi? Jumamosi nina harusi.

Mkasi Mkali
Njoo mapema, Jumamosi kunajaa. Ila ukikaa kwenye kiti usinihadithie hiyo tamthilia. Mimi niko kipindi cha tatu, na mpaka sasa mmeshanimalizia yote.