Naomba ushauri: filamu ya marafiki wawili wanaobadilishana nafsi
Habari zenu ndugu. Nahariri filamu yangu ya kwanza, dakika 20, kwa pesa ya mfukoni. Inahusu mabinti wawili walioshibana mpaka mmoja anaanza kuwa mwenzake: kwanza kicheko, kisha kovu la juu ya jicho linahama uso. Katikati wanabadilishana hata majina, na hakuna anayeshtuka.

Niliowaonyesha walidhani nimekosea kuhariri. Iliniuma, maana hapo ndipo roho ya filamu ilipo. Mwaka 1977 mwongozaji wa filamu Luis Buñuel aliwapa waigizaji wawili mhusika mmoja wamwigize kwa kupokezana, bila kumweleza mtazamaji chochote.

Je, kovu lenyewe linatosha kumwongoza mtazamaji, au nianze mabadiliko tangu dakika ya kwanza ili azoee mapema? Sauti ya msimulizi sitaki kabisa.